Huruma Haitoshi

Msomaji, katika soko la Tulia, kama katika masoko mengine ya Kitui na Makueni, habari za binti aliyeteswa Uarabuni humalizwa kwa maneno matatu: "Waarabu ndivyo walivyo." Msemaji akisha kuyatamka hujiona amekata shauri. Wasikilizaji hutikisa vichwa, na maongezi hugeukia bei ya ndengu. Mimi nalipinga neno hilo. Silipingi kwa nia ya kuwatetea wanaowatesa watumishi wao, bali kwa kuwa huwapa kimbilio. Ikiwa mtu ni mwovu kwa asili yake, nani atamlaumu? Chui halaumiwi kwa kula mbuzi. Sheria, lakini, hutungwa na watu, na watu wakitaka huitangua. Kwa hiyo haina udhuru wa chui.

Tazama mji mmoja tu, Maskati, mji mkuu wa Omani. Humo Kiswahili husikika majumbani na barazani. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, maelfu ya watu wa asili ya Omani walikimbia visiwa wakatawanyika katika nchi mbalimbali. Sultani Kabus bin Said aliposhika ufalme tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, naye akawaita waliokuwa ng'ambo warudi. Wengi waliotoka Unguja walikuwa wamesoma. Wakawa walimu, waganga, makarani, na mafundi wa mafuta; baadhi yao walipanda vyeo hata wizarani. Hawakupokewa wote kwa mikono miwili. Kiarabu cha wengi kilikuwa cha kubabaisha, wengine hawakukijua kabisa, na jina la "Mzanzibari" lilitamkwa mara nyingine kwa dharau. Hata hivyo walipewa uraia. Aliyedharauliwa sokoni aliweza kwenda ofisini akadai haki yake kama mwana wa nchi, na dharau peke yake haikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Sasa, msomaji, piga hatua chache katika mji ule ule, uingie jikoni. Yumo binti wa Kitui. Yamkini bibi wa nyumba alizaliwa katika ukoo uliotoka Unguja, nao husemezana Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Lugha yao ni moja na paa lao ni moja, lakini mmoja ana dola nyuma yake, na mwingine ana bahati. Bibi akiwa mpole, binti hula, hulala, hulipwa, na hurudi kwao na zawadi. Bibi akiwa mkali, hapana wa kumsikia. Wapo mabinti wengi wa kwetu waliopata waajiri wema, wakajenga nyumba za matofali kwa mishahara yao, wala haifai kulificha jambo hilo. Ninaloshtaki ni kwamba wema huo ulikuwa hiari ya mtu mmoja.

Mpango unaomweka mgeni katika hali hiyo huitwa kafala. Katika Kiarabu neno lenyewe ni jema: maana yake ni dhamana, nalo hutumika pia kwa achukuaye yatima kumlea. Lakini katika nchi za Ghuba limekuwa kamba. Ruhusa ya mgeni kukaa nchini hufungwa kwa jina la mwajiri wake, na mtumishi akitoka nyumbani humo bila idhini aweza kushtakiwa kuwa ametoroka. Hivyo aliyekimbia kipigo huwa mkosaji mbele ya polisi kabla hajasema neno. Watu wa pwani yetu walijua tangu zamani maana ya kuitwa mtoro: ndilo jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro wa namna hiyo walijenga mji wao wa Fuladoyo, bara ya Malindi. Saudia ilifuta utumwa mwaka 1962, na Omani mwaka 1970. Kwa nini basi mfanyakazi wa mshahara aitwe mtoro?

Wengine hunijibu kuwa uadui huu ni wa kale, tangu siku za misafara ya watumwa. Historia ya kwetu haikubali kurahisishwa hivyo. Kivui Mwenda wa Kitui, aliyefariki mwaka 1851, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, nazo zilipelekwa hadi pwani ya Mombasa, mji uliokuwa chini ya Sultani Seyyid Said tangu 1837. Mkamba alikuwa mgeni huko, si mwenzao kwa kabila wala kwa dini. Lakini alikuwa na pembe walizozitaka, na watu wenye pinde walioogopwa. Hakungoja huruma ya mtu. Binti wa leo hana pembe wala pinde, na kama sheria haimkingi, hana kitu.

Wengine husema sababu ni dini. Ni kweli kwamba Saudia haina kanisa hata moja la wazi, na Mkristo wa huko husali mlango ukiwa umefungwa. Lakini Maskati ina makanisa, na Bahareni ilifunguliwa kanisa kuu la Wakatoliki mwezi wa Desemba 2021. Kuwa na kanisa ni jambo kubwa. Hata hivyo kafala haikuondoka kwa kengele. Tena watazame wale wa Kuwaiti waitwao Bidun, yaani "wasio na". Hao ni Waarabu, aghalabu ni Waislamu, na lugha yao ni ile ile ya wenye nchi. Ila baba zao hawakuandikwa katika daftari za uraia baada ya sheria ya mwaka 1959, na wajukuu wao hata leo hupata taabu ya cheti cha kuzaliwa na ya kazi. Katika Siria, hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1962 katika jimbo la Hasaka iliwavua uraia Wakurdi wapatao 120,000, nao wengi wao ni Waislamu. Wakangoja hadi 2011 ndipo amri ikatoka ya kuwarudishia walio wengi. Damu na dini hazielezi hayo. Kalamu ya karani yaeleza.

Na kalamu hiyo yaweza kuandika vinginevyo. Moroko iliitambua lugha ya Waamazighi kuwa lugha rasmi katika katiba ya 2011, na Aljeria ikafuata mwaka 2016. Nani atasema kuwa Waarabu wa nchi hizo walibadilishwa damu?

Msomaji, uchache ninaousema si wa hesabu ya vichwa. Katika Katari na Falme za Kiarabu wageni ni wengi kuliko raia, tena kwa mbali sana. Hao wengi ndio wachache, kwa maana haki zao ni chache.

Nasi Kenya tusijifanye watazamaji. Wanubi waliletwa na Waingereza kama askari, wakakaa Kibera zaidi ya miaka 100, lakini kijana wao alipotaka kitambulisho alihojiwa kama mgeni. Hati ya ardhi yao, ekari 288, walipewa mwaka 2017. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kulima mkonge, na watoto wao wakaishi bila uraia hadi Oktoba 2016, walipofunga safari kutoka Kwale kwenda kumlilia Rais Nairobi. Washona walingoja hadi 2020. Wapemba wa pwani walingoja hadi 2023. Je, tuseme Wakenya ndivyo walivyo?

Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilitaja vifo vya Wakenya 89 nchini Saudia katika miaka ya 2020 na 2021, wengi wao wakiwa watumishi wa nyumbani, na sababu iliyoandikwa mara kwa mara ni moyo kusimama. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, walioondoka wakiwa na afya! Serikali iliwahi kupiga marufuku safari hizo mwaka 2014, ikaziruhusu tena 2017. Marufuku haikumwongezea mtu haki hata moja alikokuwa. Saudia yenyewe ililegeza kafala mwezi wa Machi 2021, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadili mwajiri, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya matengenezo hayo. Walioachwa ndio hasa tunaowapeleka.

Basi waombaji kura watakapofika Tulia na magari yao yenye vipaza sauti, wewe uliyejifunza kusoma na kuuliza usiwaulize kama Waarabu ni wabaya. Waulize mapatano ya Kenya na nchi hizo yasema nini juu ya mtumishi anayetaka kumwacha mwajiri, paspoti yake hukaa mkononi mwa nani, na anapokufa ni daktari wa nani aupimaye mwili wake.