Chelezo cha Mwanza

Plau yako ikiota kutu unaiona. Kutu ya meli iko chini ya maji. Utaionaje?

Ndiyo maana kuna chelezo. Chelezo ni mahali pa kuivuta meli kutoka majini hadi nchi kavu. Mafundi hukwangua kutu. Huchomelea mabamba mapya ya chuma. Hukagua pangaboi, yaani chombo kinachoisukuma meli. Kisha hupaka rangi.

Meli ya MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama. Sisi wa Bariadi tukienda Bukoba tulizunguka kwa basi. Miaka 6! Plau ikilala nje miaka hiyo yote, utalima nayo?

Serikali ikajenga chelezo kipya Mwanza Kusini. MV Victoria ikafungwa injini mpya. Mwaka 2020 ilirudi safarini, Mwanza hadi Bukoba, kupitia Kemondo.