MGONJWA ASIKIZWE, DAWA IPIMWE

Mwaka 1975, katika mji mdogo wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani, Bibi Polly Murray aliwaarifu wakuu wa afya wa jimbo lake kwamba watoto wa kwake na wa jirani walikuwa wakivimba magoti. Madaktari walisema ni baridi yabisi ya watoto, maradhi ya nadra yasiyoambukiza. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua miaka mingi, na wako waliomwambia kwamba ugonjwa wake umo kichwani tu. Lakini bibi huyu alikuwa ameandika majina na dalili, na Daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akamsikiliza. Mwaka 1977 ikatangazwa habari ya watu 51, watoto 39 miongoni mwao, wenye ugonjwa uliokuwa haujaelezwa. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake wakatangaza kwamba wameviona vijidudu vyake ndani ya kupe.

Basi ujuzi huo ulianza kwa mama wa nyumbani aliyekataa kunyamazishwa. Wenye vyeo wasilisahau hilo.

Ugomvi uliofuata hauhusu kama ugonjwa wa Lyme upo. Anayetambuliwa mapema kwa kawaida hupona kwa wiki mbili tatu za doksisaiklini. Wanaogombaniwa ni wale wanaobaki na uchovu na maumivu, wakiomba dawa kwa miezi, hata miaka. Chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha nchi hiyo kilikataa jambo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2006. Mwanasheria mkuu wa Connecticut, Richard Blumenthal, akawachunguza walioandika mwongozo, akidai baadhi yao wana maslahi ya fedha. Wakapatana mwaka 2008 kwamba jopo jipya liupitie. Nalo mwaka 2010 likayakubali mashauri yote 69. Kabla ya hapo, mwaka 2009, jimbo lilikwisha kuweka sheria ya kumlinda daktari atoaye dawa hizo kwa muda mrefu.

Sisi tulio katika siasa twaijua nguvu ya kura. Lakini kwa kura huwezi kujua kama dawa yaponya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2001 uliwapa baadhi ya wagonjwa hao dawa kwa siku 90, wengine wakapewa kitu kisicho na nguvu bila kujua. Hali zao hazikuachana. Na mwaka 2017 zilitolewa habari za wagonjwa watano waliopata madhara makubwa kwa matibabu ya namna hiyo, na wako waliokufa.

Hata hivyo hatuwacheki wagonjwa. Kipimo cha damu hutafuta kinga ambayo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Apimwaye mapema huweza kuambiwa hana kitu, naye anacho. Mtu aliyeambiwa haumwi, naye halali kwa maumivu, atakwenda kwa yeyote atakayemwamini, hata kama huyo amtoza fedha nyingi kwa sindano zisizo na faida. Lawama ya hapo si ya mgonjwa.

Msomaji wa Dodoma atauliza haya yamhusu nini. Kijidudu cha Lyme kina ndugu yake hapa kwetu, yule aletaye homa ya papasi. J. E. Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo Kongo, alikufa kwayo huko Kasongo mwaka 1905. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku. Homa hushika siku chache, huacha, kisha hurudi. Mara nyingi huitwa malaria, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha. Yataka tone la damu litazamwe kwa hadubini wakati homa imepanda. Mama mwenye mimba huweza kumpoteza mtoto kwa ugonjwa huu, nao una dawa ijulikanayo na isiyo ya gharama kubwa.

Kwa hiyo twadai kwamba kila zahanati ya mahali penye papasi iwe na hadubini nzima na mtu ajuaye kuitumia, na kila mgonjwa mwenye homa inayorudi aulizwe kwanza analala nyumba ya namna gani.