Nambari Kubwa Si Mbio Kubwa: Tununuapo Kumbukumbu za Kompyuta

Kompyuta siku hizi ni chombo cha nyumba nzima. Mwana aitumia kwa masomo, mama kwa hesabu za biashara yake, na baba kwa barua za kazi. Ikianza kuzorota, ushauri wa kwanza huwa ni kuiongeza kumbukumbu, yaani ramu. Aghalabu ushauri huo ni mwema. Lakini fedha za chama au akiba ya miezi kadhaa zaweza kupotea kwa ajili ya kibao kimoja kidogo kisichokubali kukaa mahali pake. Juma hili twapenda kueleza yale ambayo mnunuzi hana budi kuyajua kabla hajafungua mkoba.

La kwanza ni kizazi. DDR3 iliingia sokoni mwaka wa 2007, DDR4 ikafuata mwaka wa 2014, na vipimo rasmi vya DDR5 vikatangazwa mwaka wa 2020. Vizazi hivi havichanganyiki. DDR3 ya kawaida hutumia umeme wa volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Ili watu wasikosee, kila kibao kimekatwa pengo dogo kwenye ukingo wake wenye miguso ya rangi ya dhahabu, na pengo hilo huhamishwa kila kizazi kinapobadilika. Basi kibao kikikataa kuingia, kisishindiliwe kwa nguvu. Hiyo ni ishara kwamba si chake.

La pili ni umbo. Vibao vya kompyuta ya mezani ni virefu, na vya kompyuta ya kupakata ni vifupi karibu kwa nusu. Kuna pia kompyuta nyingi nyembamba ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi kuu tangu kiwandani. Baadhi ya hizo haziwezi kuongezwa chochote, na ni vyema kulijua hilo siku ya kuinunua kompyuta yenyewe.

La tatu ndilo linalowachanganya wengi, nalo ni kasi. Kibao kimoja cha DDR4 huweza kuandikwa 3200, na pembeni kikaandikwa PC4-25600. Muuzaji asiyejua, au asiyetaka mnunuzi ajue, atasema hiki cha 25600 ni kasi zaidi kuliko kile cha 3200. Hapana, ni kitu kimoja. Nambari ya 3200 ni mamilioni ya safari za data kwa sekunde. Kila safari hubeba baiti 8, na 3200 mara 8 ni 25600, yaani megabaiti ziwezazo kupita kwa sekunde moja. Wala 3200 si megahazi za saa ya kibao, ingawa wengi huiita hivyo. Saa yenyewe hupiga megahazi 1600, na kila pigo hubeba mizigo miwili, kama feri ya Likoni ivushayo watu ikienda na ikavusha wengine ikirudi.

Kisha yafaa tukumbuke kwamba kasi huamuliwa na aliye mzito zaidi katika msafara. Tuchukue prosesa ya Intel i5-8250U, ambayo hukubali DDR4 isiyozidi 2400. Ukiitilia kibao cha 3200 kitafanya kazi, lakini kwa 2400. Vivyo hivyo, kibao cha 3200 kikiwekwa pamoja na cha 2133, vyote viwili huenda kwa 2133. Basi hakuna haja ya kulipa zaidi kwa mbio ambazo kompyuta haiwezi kuzikimbia. Kwa kompyuta yenye gigabaiti 4, kuongezwa zikawa 8 ni msaada mkubwa kuliko kutafuta kasi ya juu. Na penye nafasi mbili, vibao viwili vilivyo sawa hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja.

Wanunuao kompyuta zilizokwisha kutumika wawe macho zaidi. Prosesa ya i5-6200U, kwa mfano, yaweza kutumia DDR4, na yaweza pia kutumia DDR3L, ambayo ni DDR3 ya volti 1.35. Kompyuta mbili zaweza kubandikwa kibandiko kimoja cha prosesa nje, na ndani kila moja ikataka kumbukumbu yake. Kibandiko pekee hakitoshi.

Njia ya salama ni hii. Katika kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame sehemu ya Memory ndani ya Performance. Hapo huonekana ukubwa, kasi, na idadi ya nafasi zilizokwisha kujazwa. Kisha zima kompyuta, ichomolewe kwenye umeme, na fundi akitoe kibao cha zamani mkiwa mnaona. Kipeleke dukani, ulinganishe kizazi, umbo na volti. Kasi iwe ya mwisho. Ombeni risiti yenye aina ya kibao, na makubaliano ya kukirudisha kikikataa. Muuzaji muaminifu hatachukizwa na maswali hayo, na akichukizwa, maduka ni mengi.