LIKIZO NI YA WENYE MIGUU TU?



Kuna swali tunaloulizwa sana katika matawi yetu siku hizi, viwandani na mashambani, nalo ni hili: mtu wa kiti cha magurudumu anakwenda kutafuta nini ng'ambo? Limezuka kwa sababu ya mwanachama wetu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari huku mashariki ya Uganda, aliyetangaza kwamba likizo yake ijayo ataitumia Zanzibar. Hajawahi kuiona bahari. Ameweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa kwa miaka minne ili akaione. Uti wa mgongo wake uliumia alipoanguka kazini kutoka kwenye ngazi ya mitambo, na tangu siku hiyo ni karani wa mzani, anaandika uzito wa miwa inayoingia.

Wako waliocheka. Wako waliosema fedha hiyo angenunua ng'ombe. Wazee wakatikisa vichwa wakisema hujafa hujaumbika, kisha wakaenda zao, kwa maana huruma ya namna hiyo haigharimu kitu. Kilichotuudhi zaidi ni kwamba kijana mwenzake wa kiwanda hichohicho alikwenda Mombasa mwaka jana, akarudi na picha zake, na hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Sisi ambao shule yetu iliishia darasa la saba tumekisoma kifungu hicho polepole, neno kwa neno, wala hatukuona palipoandikwa kwamba siku hizo ni za wenye kutembea kwa miguu. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unakwenda mbali zaidi: kifungu chake cha 30 kinataja burudani, mapumziko na hata mahali pa utalii. Kwa hiyo ndugu yetu hakuomba zawadi.

Lakini msimamizi wake alimwita pembeni akamshauri "auze" likizo, achukue fedha abaki mzanini, maana yeye kazi yake ni ya kukaa tu na hachoki. Hebu fikirini, ndugu! Mtu aliyekaa saa 8 bila kuweza kusimama hata dakika moja ndiye anaambiwa hachoki. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema mapatano ya kuiacha likizo ya chini kabisa, kwa fidia au kwa njia nyingine, yawe batili au yakatazwe. Waliouandika walijua kwamba mtu maskini akionyeshwa noti atauza hata usingizi wake. Kila mwenye cheo katika tawi aujue mkataba huo.

Tena isije ikasemwa kwamba fidia ilikwisha kulipa kila kitu. Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 hupima mwili kwa mishahara: ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60, na ulemavu usio kamili ni sehemu yake. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kuchuma mshahara. Siku ya mapumziko iliyoharibika, matembezi na watoto, safari ya kuona ndugu, vyote hivyo havimo katika hesabu ile.

Basi tumekaa na ndugu huyu jioni kadhaa tukipanga safari, na tunataka kuwaeleza tuliyoyaona, kwa maana yapo matawi mengi yenye wanachama kama yeye. Mwenye miguu hufunga mfuko wake Ijumaa akaondoka Jumamosi. Mwenye kiti huanza miezi kabla, na kila mlango wa safari lazima aujue upana wake.

Cha kwanza ni kiti chenyewe. Ndugu yetu anavyo viwili. Kimoja ni kile cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono, ambacho wengi mnakifahamu, kizuri kwa barabara ya kutoka kambini hadi kiwandani. Hicho kitabaki nyumbani, ni kirefu na hakikunjiki. Atakwenda na kile kidogo cha kukunja. Tulikipima: sentimita 65 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kipimo hicho amekiandika kwenye karatasi na anakitaja kabla ya kutaja jina lake, kwani tulijifunza kwamba ukiuliza nyumba ya wageni, "Je, mnampokea mtu wa kiti cha magurudumu?" utajibiwa "Karibu sana!" na ukifika utakuta ngazi tano na mlango wa choo usiopitisha hata ndoo. Uliza hivi: Kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi chumbani? Mlango wa choo una sentimita ngapi? Mlango wenye nafasi ya sentimita 80 unamtosha. Mwombe mwenye nyumba apige picha ya choo aitume kwa simu. Nyumba ya kwanza ilikataa kutuma, ya pili ikatuma, na huko ndiko atakakolala.

Halafu ndege. Shirika la ndege laambiwe siku ileile ya kukata tiketi, na jibu liwe la maandishi. Sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu mwaka 2008, inataka abiria atoe taarifa angalau saa 48 kabla, naye asaidiwe bila kutozwa hata senti, na kiti chake kibebwe bure. Mashirika mengi ya kwingineko nayo huomba taarifa ya saa hizohizo. Sisi tunasema saa 48 ni mwisho wa mambo, toa taarifa mapema kuliko hapo. Abiria huenda na kiti chake hadi mlangoni pa ndege, kisha huhamishiwa kwenye kiti chembamba kinachopita katikati ya safu, na kiti chake hupelekwa chini kwenye mizigo.

Hapo kwenye mizigo ndipo penye hofu. Huko Marekani, ambako serikali huyalazimisha mashirika makubwa kutoa hesabu, viti na vigari vya walemavu zaidi ya 11,000 viliharibiwa, vilicheleweshwa au vilipotea katika mwaka 2023 peke yake. Kwa abiria mwingine sanduku likipotea amepoteza nguo. Kwa huyu ni kama kupotelewa na miguu kwa mara ya pili. Tena Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala mizigo katika safari za ndege za kimataifa, unaweka kikomo cha malipo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 2,000 za Marekani. Kiti chetu cha kukunja kinaingia humo, lakini cha umeme chaweza kuzidi mara nyingi. Mkataba huohuo unaruhusu abiria kuandikisha thamani kubwa zaidi kabla ya kupakia, pengine kwa kulipa nyongeza, na wengi hawaambiwi.

Kwa hiyo mto wa kukalia na vikanyagio vinatolewa, anaingia navyo ndani ya ndege. Kiti kinapigwa picha pande zote mbele ya mtumishi wa shirika. Karatasi inafungwa kwenye mgongo wa kiti kueleza kinakunjwa wapi na wapi kisishikwe. Spana na mpira wa akiba viingie kwenye sanduku la chini, wasije wakamnyang'anya mlangoni.

Habari ya mwili hatutaificha, ingawa wengine huona aibu kuitaja. Asiyehisi miguu yake anaweza kupata kidonda cha kukalia bila kujua, na kidonda hicho huweza kumlaza hospitali kwa miezi. Kila baada ya nusu saa ajiinue kwa mikono, abadili ukaaji, ndani ya basi na ndani ya ndege. Wapo wanaoacha kunywa maji tangu jana yake ili wasihitaji choo njiani. Tunawaelewa, kwa kuwa mabasi yetu hayana choo na kondakta hasubiri, lakini ni hatari kwa figo na kibofu. Dereva aambiwe kabla ya kuondoka mahali pa kusimama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Tanzania humdai msafiri atokaye Uganda, iwe pamoja na pasipoti na barua ya daktari ya dawa anazobeba.

Shirika moja la ndege tulilolipigia simu lilijibu mara moja kwamba hatapanda bila mtu wa kumsindikiza, hata kabla ya kuuliza anaweza nini. Mtu huyu hujihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti, huoga mwenyewe, hupika. Tiketi ya pili ingemaliza miaka minne mingine ya akiba. Tuliandika barua kwa muhuri wa chama, wakamtumia fomu ya kujaza, na sharti likaondolewa. Barua ya mtu mmoja ingekaa mezani mpaka leo.

Kutoka Dar es Salaam atavuka kwa boti, kwa hiari yake, ili aione bahari vizuri. Boti za mwendo wa kasi huchukua kama saa 2. Mwenzetu mmoja anayefanya kazi bandarini alitupa habari ambayo haimo katika karatasi yoyote ya watalii: uliza maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hufika mita 4, na njia ya kupandia botini hubadilika mteremko kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Saa moja ni rahisi, saa nyingine ni kama kupanda paa. Achague saa yake. Na pwani ya mashariki, maji yakipwa, huacha mchanga mpana ulioloa, mgumu kiasi cha gurudumu kupita, ilhali ule mkavu wa juu utalimeza. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo gari halipiti lakini kiti chaweza kupita. Taabu iko kwenye vizingiti vya milango na ngazi za ndani, nyembamba na za kusimama wima. Chumba ni cha chini au hakuna chumba.

Sasa tuulize: njia na vifaa vya kumrahisishia mtu kama huyu, mahali vilipo, vililetwa na nani? Havikuletwa na wenye makampuni. Mwezi Aprili 1977 walemavu wa Marekani waliingia ofisi ya serikali mjini San Francisco wakakaa humo zaidi ya wiki tatu hadi kanuni za haki zao zikatiwa sahihi. Walipotuma wajumbe Washington hakukuwa na gari la kuwachukua na viti vyao, na waliowatafutia lori ni chama cha wafanyakazi wa mitambo, watu kama sisi wa spana na grisi. Mwezi Julai 1978 watu 19 mjini Denver waliyazuia mabasi barabarani kwa miili yao kwa sababu hayakuwa na njia ya kupandisha kiti. Uingereza nako walemavu walijifunga kwa minyororo kwenye mabasi katika miaka ya 1990. Leo kila basi la abiria la mji wa London lina daraja dogo la kumpandisha mwenye kiti. Nasi, je? Kwenye stendi zetu bado mtu mzima hubebwa mgongoni kama gunia, na aliyembeba hudai malipo.

Na msidhani kwamba tunamzungumzia mtu mmoja. Mashambani na viwandani mwetu kuna mikanda isiyofunikwa, matrekta yenye breki mbovu, ngazi zenye mafuta. Ndugu yetu alipanda ile ngazi asubuhi kama mlivyopanda ninyi leo.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba mpya na waajiri, matawi yetu yanapeleka madai haya. Tarehe ya likizo ya mwenye kiti cha magurudumu ikishaandikwa isibadilishwe bila ridhaa yake, kwani safari yake haipangwi upya kwa siku mbili. Nauli ya likizo, pale inapolipwa, ihesabu na gharama ya gari linaloweza kubeba kiti. Akihitaji msindikizaji ambaye naye ni mfanyakazi wa hapo, wapewe likizo tarehe moja. Na aliyeumia kazini, kiti chake kitengenezwe au kibadilishwe kwa gharama ya mwajiri, maana kilichokiharibu kiti cha kwanza ni mashimo ya barabara ya kampuni.

Waajiri wamejibu dai la kwanza tu, wakasema watalifikiria. Kikao kinachofuata kitafanyika baada ya malipo ya mwisho wa mwezi. Makatibu wa matawi watuletee kabla ya siku hiyo idadi ya wanachama wao wanaotumia viti na magongo, wangapi waliumia kazini, na wangapi walichukua likizo yao mwaka uliopita. Tawi moja limekwisha kuleta: wanachama 6, na hakuna hata mmoja aliyetoka kambini.