Kazi ya Mbunge na Kalamu ya Karani

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zauliza neno moja kwa njia mbalimbali: Je, mbunge hufanya kazi gani siku zile asipoonekana jimboni? Ndugu mmoja ametuandikia kwa hasira ya kuwa yeye humwona mbunge wake katika picha tu, na picha yenyewe imeanza kupauka ukutani. Si nia yetu kumtetea mbunge yeyote wala kumshitaki. Mtumishi wa Serikali awapo kazini hana upande wa siasa. Walakini swali hilo latugusa sisi makarani na maafisa kuliko tunavyopenda kukiri, na ndiyo sababu twaliandikia leo.

Yafaa vijana wetu wajue kwanza ya kuwa jambo la kuwa na mtu wa kwetu katika baraza la kutunga sheria si la zamani sana. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilifunguliwa mwaka 1926, nalo likakaa miaka 19 bila Mwafrika hata mmoja kuketi ndani yake. Mwaka 1945 waliteuliwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Waliteuliwa, hawakuchaguliwa, wala hapana mmoja wao aliyetoka Ufipa. Shida ya mtu wa Ufipa katika siku hizo ilipanda kwa barua, kutoka boma hadi boma, na huko juu ikasomwa na watu wasiojua ntumba ni kitu gani. (Kwa wageni waliohamishiwa huku karibuni: ntumba ni tuta la duara ambalo Mfipa hufukia majani ndani yake yaoze, apate mbolea bila kununua.) Leo Mkoa wa Rukwa una majimbo matano, yaani Sumbawanga Mjini, Kwela, Kalambo, Nkasi Kaskazini na Nkasi Kusini, na kila jimbo lina kiti chake Bungeni.

Sasa tutazame juma la kazi la mbunge wakati Bunge liketipo Dodoma. Safari yenyewe, kwa njia ya Tunduma, Mbeya na Iringa, si ya kwenda na kurudi kwa siku moja. Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi, Spika huingia, dua husomwa, na maswali huanza. Swali halitungwi pale ukumbini. Limepelekwa kwa maandishi siku nyingi kabla, likafika Wizarani ili jibu liandaliwe. Siku yake ikifika, Waziri au Naibu wake husoma jibu, na mwenye swali hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza. Alhamisi Waziri Mkuu mwenyewe huulizwa papo kwa papo juu ya sera za Serikali. Baada ya maswali huja miswada na hoja. Tena kabla ya mkutano kuanza kamati zimekwisha kukaa zikipekua vitabu vya fedha, na kazi hiyo ya kamati ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo isiyosimuliwa vijiweni.

Tusiisahau desturi ya shilingi. Makadirio ya Wizara yapitishwapo, mbunge asiyeridhika aweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi hiyo haimnunulii mtu hata kiberiti. Lakini humlazimu Waziri asimame, aeleze, na aahidi mbele ya watu wote. Marehemu Chrisant Mzindakaya, aliyekuwa mbunge wa Kwela hadi alipostaafu mwaka 2010, na aliyefariki mwaka 2021, alijulikana nchini kote kwa hoja zake nzito, hata zikaitwa mabomu. Nguvu ya hoja za namna ile si sauti ya msemaji, bali ni makaratasi aliyoyashika mkononi.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa mjini huenda asilione. Kalenda ya Bunge na kalenda ya jembe hazikupatana. Mkutano mrefu wa bajeti huanza Aprili na kuisha mwisho wa Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ndiyo miezi ambayo huku juu mahindi hukauka na kuanza kuvunwa, na mkulima ataka kujua mambo mawili tu: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula atanunua kiasi gani na lini, na je, mahindi yataruhusiwa kuvuka mpaka? Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, na ingawa zuio liliondolewa baadaye, wakulima wa nyanda za juu kusini walikwisha kuona bei ikianguka. Katika shauri la namna hiyo mbunge wa Ufipa yu kati ya mawe mawili: taifa lataka akiba ya chakula, na aliyempigia kura ataka soko. Hatuoni aibu kusema ya kuwa haki haiko upande mmoja. Lakini yampasa asemaye juu yake awe ameliona kwa macho ghala lililojaa, na mnunuzi hayupo.

Mbolea ni vivyo hivyo. Ruzuku iliyoanzishwa mwaka 2022 ilimtaka mkulima aandikishwe kwanza, ndipo auziwe kwa bei pungufu. Huku kwetu mvua huanza Novemba, na mbolea ya kupandia ikifika wakati mbegu imekwisha kuota, imekuwa mzigo wa kuweka chini ya kitanda hadi mwaka ujao. Mbunge ambaye hakuuliza mapema mawakala watakaa kata gani, akiuliza Novemba ajulia hali ya mgonjwa aliyekwisha kuzikwa.

Kwa watu wa Kirando, Kipili na Kasanga mfano ulio wazi ni wa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Shauri hilo halikutoka Dodoma peke yake. Nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Ni shauri la maana, nasi twaliunga mkono. Walakini miezi mitatu ni mirefu kwa mama auzaye dagaa asiye na shamba. Kueleza makubaliano ya mataifa pale mwaloni Kirando, na kueleza shida ya Kirando mbele ya Serikali, ni kazi mbili za mtu mmoja, na afanyaye moja tu amefanya nusu.

Sasa tufike kwetu. Swali la mbunge lifikapo Wizarani, Wizara haina macho Muze wala Wampembe. Huandika barua mkoani. Mkoa huiandikia halmashauri. Halmashauri humwita afisa. Na afisa hufungua jalada. Karatasi aiandikayo yeye ndiyo ipandayo ngazi zile zile, ikipigwa mihuri, hadi Naibu Waziri aisome ukumbini, na papo hapo huwa neno la Serikali, likaingia katika Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge na kukaa humo daima.

Mwandishi wa tahariri hii akiri kosa lake mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika ofisi asiyoitaja, aliletewa swali juu ya kisima cha kijiji kimoja. Barua ilifika Alhamisi, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Jalada lilisema pampu imefungwa na maji yatoka. Gari halikuwapo, na kusema kweli hata baiskeli haikutafutwa. Akaandika: "Mradi umekamilika na wananchi wanapata huduma." Maneno hayo yakasomwa Bungeni, na mzee mmoja wa kijiji kile akayasikia redioni watoto wake wakiwa ndio kwanza wanarudi mtoni na ndoo. Pampu ilikuwa imekufa tangu mwaka wake wa kwanza. Mzee alikuja ofisini, wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, maji hayo mliyoyasema huko Dodoma, yapita bomba gani?" Mbunge alionekana mwongo kwa kuuliza, na Waziri alionekana mwongo kwa kujibu. Mwongo mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya meza, na hapana aliyemjua jina.

Tangu siku hiyo tumeyachukia maneno fulani yapendwayo sana na kalamu zetu: "mchakato unaendelea", "kadiri fedha zitakapopatikana", "suala liko mbioni". Hatusemi ya kuwa kila ayaandikaye adanganya. Twasema ya kuwa hayana mkono wala mguu wa kushikia. Ikiwa mwaka huu hapana fedha iliyotengwa, na iandikwe hapana fedha iliyotengwa. Ikiwa pampu imekufa, na iandikwe imekufa, na tarehe, na jina la aliyekwenda kuitazama. Jibu chungu lililo la kweli lampa mbunge pa kusimamia swali lake la nyongeza, tena lampa Waziri sababu ya kudai fedha katika bajeti ijayo. Wako wakubwa wa kazi ambao hawapendi majibu ya namna hii yatoke ofisini mwao. Twalijua hilo, na twajua pia ya kuwa si rahisi kwa karani kijana kumrudishia mkubwa wake karatasi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mbunge arudipo jimboni Jumamosi, mlangoni pake pana msururu: huyu ataka nauli, huyu ada ya mtoto, huyu sanda, na vijana wataka mpira na jezi. Kumchangia mfiwa ni utu, nasi hatuukatazi. Lakini wengi hudhani Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni mfuko wa koti lake. Sivyo. Ni fedha ya umma, yenye kamati ambayo mbunge ni mwenyekiti wake, kwa miradi iibuliwayo na wananchi. Tena mbunge ni mjumbe katika baraza la madiwani, na mambo mengi ya zahanati na ya madawati yaweza kuisha hapo bila kufika Dodoma. Kijiji kinachomletea barua yenye jina la mahali, tarehe, hesabu ya kaya na jina la ofisi iliyokwisha kuombwa, kimemsaidia kuliko kijiji kilichompokea kwa ngoma na kumwachia malalamiko ya mdomo.

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi ya Matai, Namanyere na Laela watuletee, kabla ya toleo lijalo, nakala za majibu ya Serikali yaliyosomwa Bungeni juu ya maeneo yao. Si siri, yamechapishwa. Kando ya kila jibu waandike walichokiona walipofika mahali penyewe, na siku waliyokwenda. Kisima kile cha zamani twakichukua sisi wenyewe; baiskeli mbili zimekwisha kupatikana, na twaondoka Jumamosi alfajiri.