Hakuna pesa ya usingizini

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika, tuambiane ukweli. Hapa Rwezamenyo tumechoka na wimbo huu: eti rusha video, share kwa watu, kisha lala, pesa itajiingiza yenyewe kwenye simu. Sisi tunakataa.

Kwanza kuna wizi mtupu. Mtu akikudai kiingilio ili akulipe kwa kutazama na kushare video, huyo hana kazi ya kukupa. Pesa yako ndiyo anamlipia aliyeingia jana. Februari 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilionya kwamba LBL, waliojiita Leo Beneath London, hawana leseni. Na wao waliahidi malipo kwa kutazama video tu.

Hata njia halali haina usingizi. Kwa video ndefu, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ndipo ikugawie pesa ya matangazo. Halafu Google hailipi mpaka zifike dola 100. Ukichukua video za wengine ukazirusha kama zilivyo, unanyimwa. Wapo wanaokula kwa YouTube, ndiyo. Waulize wanalala saa ngapi, na mega wananunua za bei gani.

Sasa linalotuuma zaidi: jina. Pesa hulipwa mwenye akaunti, na jina lazima lilingane na kitambulisho na benki. Mkimbizi ambaye karatasi zake zinakataliwa anaazima jina la jirani. Anapiga video mwaka mzima, na siku pesa inafika, inaingia kwa jina la jirani. Akigoma kutoa, utamshtaki kwa karatasi gani?

Ndugu wa mashirika, acheni semina za siku mbili za kipato bila jasho. Tusindikizeni benki mpaka kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe. Na anzieni kwenu: kijana anayewapigia video za miradi, zile mnazoonyesha wafadhili, mlipeni franga. Msimpe fanta na cheti.

Nasi vijana tukubaliane. Video ni kazi kama ushonaji na unyozi: ina vifaa, ina muda, ina malipo. Akija mtu na kiingilio chake, tusimfuate pembeni. Tumlete kwenye kikundi, tumuulize mbele ya wote: hiyo pesa inatoka wapi?