Je, Ukongwe wa Bendi ni Hoja ya Heshima?

Muhula uliopita chama chetu kiliialika bendi moja kongwe ya muziki wa dansi itutumbuize katika usiku wa Kiswahili. Mpiga gitaa la solo alikuwa mzee wa mvi aliyepanda jukwaani kwa kushikwa mkono. Kabla hajamaliza kukaza nyuzi, mwenzangu mmoja aliniinamia akaninong'oneza kwamba wazee hawa wangekuwa na hekima wangepumzika, wawaachie vijana uwanja. Aliyeketi nyuma yetu alimkemea papo hapo: kuishi kwingi ni kuona mengi, na aliyeona mengi hafukuzwi. Nimelitafakari zogo hilo tangu siku ile, na kwa maoni yangu wote wawili walikosea.

Hebu tuanze na swali ambalo aghalabu hatulijali: bendi kongwe ni nani hasa? Simba Wanyika ilikuwa ya Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu kutoka Tanga waliolowea Kenya. George alipofariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, bendi nayo ikazikwa. Hapo jina na watu vilikuwa kitu kimoja. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ni kinyume chake. Ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, kisha ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, mpaka ikafikia jina la sasa. Ala zilikuwa za mwajiri na wanamuziki walilipwa mshahara. Mmoja akiondoka, mwingine alilishika gitaa lile lile. Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji wake mashuhuri, aliihama mwaka 1978 akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, hii tuijuayo kama Sikinde. Baadaye alirejea Msondo, akastaafu mwaka 2013 na kuaga dunia mwaka uliofuata. TX Moshi William alikuwa amemtangulia mwaka 2006. Bendi haikuzikwa na yeyote kati yao.

Sasa, anayedai kuiheshimu Msondo kwa sababu ya ukongwe wake anamheshimu nani? Kijana aliyeajiriwa juzi kupuliza tarumbeta hana ukongwe wowote. Alichorithi ni mtindo, yaani namna ya kupanga sauti, ya kulipisha gitaa nafasi ya kujibu, ya kusimulia kisa kwa beti. (Si bure kwamba Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za jadi kabla ya kuwa majina ya bendi.) Mtindo hauheshimiwi kwa kuhesabiwa miaka. Huheshimiwa kwa kusikilizwa unapofanya kazi mpya.

Na hapa ndipo aibu yetu ilipo. Usiku ule kiongozi wa bendi alitangaza kwamba watapiga wimbo mpya. Nusu ya ukumbi iliinuka kwenda kununua soda. Waliosalia walipiga gumzo. Wimbo ulipokwisha, gitaa likaanza kulia "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ambayo wala si ya bendi ile, na watu wakarudi mbio, chupa mkononi, wakiimba kila neno. Yule mwenzangu aliyetaka wazee wapumzike alicheza kuliko sote! Mtetezi wa wazee naye alikuwa amekwenda kununua soda.

Twawalaumu kwamba wanarudia yale yale, ilhali tunawalipa kwa yale yale tu. Bendi inayotegemea kiingilio cha mlangoni haina hiari kubwa mbele ya wasikilizaji wa namna hii.

Sisi wanafunzi wa fasihi hatuna udhuru. Euphrase Kezilahabi alipotoka kwenye Rosa Mistika (1971) akafika kwenye Nagona (1990), wapo walionung'unika kwamba hawamwelewi, lakini walimsoma, wakabishana naye, wakaandika tasnifu. Hakuna aliyemtaka asimame jukwaani kila mwaka aisome Rosa Mistika upya. Mbona mtunzi wa nyimbo, ambaye malighafi yake ni Kiswahili hiki hiki, tunamnyima haki hiyo? Katika mihadhara yetu wimbo wa dansi hutajwa kwa dakika tano chini ya fasihi simulizi, kisha tunapita.

Sisemi kwamba kila wimbo mpya wa bendi kongwe ni johari. Ule wa usiku ule ulikuwa na ubeti wa pili uliolemewa na mawaidha, na kiitikio kilirefushwa kupita kiasi. Wala sizitetei zile bendi ambazo kilichobaki ni jina tu, linalokodishwa na mtu asiyejua hata nyimbo zenyewe zilitungwa wapi. Hizo sina neno la kuzitetea. Ila kumwambia mtunzi kwamba ubeti wake wa pili umelemewa ni kumheshimu kuliko kumpigia makofi kwa kuwa ana mvi. Mhakiki hukosoa anachokichukulia kwa uzito.

Kamati ya chama inaandaa usiku mwingine kama ule, na nimeiomba jambo moja: barua ya mwaliko iitake bendi ilete nyimbo tatu mpya, maneno yake yachapwe na kugawiwa mlangoni, na soda ziuzwe wakati wa mapumziko.

Baada ya onyesho nilimfuata mwimbaji nikamwomba maneno ya ule wimbo mpya. Alishangaa kidogo, akaketi juu ya sanduku la spika, akanisomea polepole huku nikinakili. Katika ubeti wa tatu mna neno la Kidigo ambalo sikulipata vizuri kwa kelele za waliokuwa wakikunja nyaya. Alinipa nambari yake ya simu nimwulize.